Kuvuta si Kazi, Kazi ni Kusimamisha: Kulinganisha Karavani ya Kale na Uwezo wa Pikapu

Kazi ya polisi haipaswi kuanza baada ya ajali, kwa kupima alama za matairi barabarani. Ni heri ianze mapema, katika mazungumzo kama haya, wakati kila kitu bado kinaweza kurekebishwa.

Leo tunazungumzia tela lenye vitanda, jiko na meza, ambalo wengi hulijua kwa jina la karavani. Tunakusudia hasa karavani za kale, zile zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970. Wapo wanaozipenda kwa safari za mbugani, wapo wanaozigeuza kuwa mikahawa ya kuhamahama, na wapo wanaozitaka ziwe vyumba vya wageni kando ya Ziwa Bunyonyi. Wala si vitu vigeni barani kwetu. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliondoka Cape Town akiongoza msafara wa matela 41 ya namna hiyo, ukafika Cairo mwaka uliofuata. Basi hatuji hapa kumkataza mtu kununua. Tunakuja na swali moja: je, pikapu yako inalimudu tela hilo?

Mara nyingi swali hili hujibiwa kwa haraka. Muuzaji husema, “Gari lako linavuta kilo 3000, na karavani hii haifiki hata 1500.” Mnunuzi huridhika, hufunga tela na kuondoka. Gari huondoka kweli, hata mlima hupanda. Lakini gari kuweza kuvuta mzigo ni jambo moja, na kuweza kuusimamisha kwenye mteremko, penye kona, huku watoto wa shule wakitembea kando ya lami, ni jambo jingine kabisa. Uwezo wa gari hauamuliwi na injini peke yake. Unaamuliwa na breki, matairi, springi, chesisi na chuma cha kuvutia, na katika hivyo vyote, kilicho dhaifu kuliko vingine ndicho kinachoweka mpaka.

Tuanze na hesabu, nayo si ngumu. Kila pikapu ina mipaka yake iliyowekwa na kiwanda, na huandikwa kwenye kibati cha gari au katika kitabu chake. Upo uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa na watu na mizigo. Upo uzito wa juu wa gari na tela vikiwa pamoja. Na upo uzito wa juu wa tela, ambao huandikwa mara mbili: kwa tela lenye breki na kwa tela lisilo na breki.

Tuchukue mfano wa pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 1950. Kiwanda kinasema ikipakiwa isizidi kilo 2900, ikiwa pamoja na tela isizidi kilo 5300, na tela lenye breki lisizidi kilo 3000. Sasa tuipakie. Watu watano pamoja na dereva, kilo 375. Mizigo, vifaa, tairi za akiba na chuma cha kuvutia, kilo 275. Gari limekuwa na kilo 2600. Tukiziondoa katika zile 5300, tunabaki na 2700 kwa ajili ya tela. Kilo 300 za ahadi ya muuzaji zimekwisha kutoweka kabla hatujatoka nyumbani.

Hesabu haijaisha. Sehemu ya uzito wa tela hulalia nyuma ya pikapu kupitia ile shingo inayoungana na gari. Kwa matela ya Kimarekani, uzito huo wa shingo hupaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 2700, kwa asilimia 10, hulaza kilo 270 juu ya gari. Gari letu la kilo 2600 sasa linabeba 2870, na mpaka wake ni 2900. Zimebaki kilo 30, ambazo hazitoshi hata gunia moja la viazi vya hapa kwetu. Ndiyo maana tunawashauri msifike mpakani. Acheni nafasi ya sehemu moja katika tano: kwa pikapu hii, tela lisizidi takribani kilo 2160.

Huku kwetu milimani nafasi hiyo ni ya lazima. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1000 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Hapa Kabale tuko zaidi ya mita 1800, na njia ya kwenda Kisoro hupanda juu zaidi. Injini hiyo iliyosifiwa pwani hufika kwetu ikiwa imekwisha poteza karibu moja ya tano ya nguvu zake.

Sasa tulitazame tela lenyewe. Kibati cha karavani ya kale huonyesha uzito ilioondoka nao kiwandani, kabla ya maji, gesi, godoro na sufuria. Tangu siku hiyo imepita mikononi mwa watu wengi. Mmoja ameongeza friji, mwingine betri mbili, mwingine amebadilisha sakafu kwa mbao nene. Mbao zilizolowa mvua kwa miaka mingi nazo huongezeka uzito. Tangi la maji la lita 100 likijaa, mmepakia kilo 100 nyingine. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hakisomeki kwenye kibati chochote.

Kwa hiyo msiamini maneno, aminini mizani. Tafuteni mizani ya magari makubwa, mpime mara tatu. Kwanza pimeni pikapu ikiwa imepakiwa, bila tela. Pili fungeni tela, mpime magurudumu ya pikapu peke yake, ya tela yakiwa nje ya mizani. Tatu pimeni vyote pamoja. Tuseme mmepata kilo 2400, kisha 2590, kisha 4100. Toeni 2400 katika 4100: tela lina kilo 1700. Toeni 2400 katika 2590: shingo inalaza kilo 190, yaani asilimia 11 hivi ya uzito wa tela. Karavani hiyo imepangwa vizuri.

Kama shingo ni nyepesi mno, tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mwendo ukizidi, mkia huligeuza gari zima. Mizigo mizito haiwekwi nyuma kabisa. Huwekwa chini, karibu na ekseli, ikielemea mbele kidogo. Na tela likianza kuyumba, dereva asikanyage breki kwa ghafla wala asishindane nalo kwa usukani. Aachie mafuta taratibu, aushike usukani ukiwa umenyooka, aliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Kama breki za tela ni za umeme na zina kitufe cha mkono, akibonyeze taratibu ili tela lishikwe kutoka nyuma.

Hapo tumefika kwenye breki, na jambo hili tunawaomba mlibebe hadi nyumbani hata mkisahau mengine yote. Pikapu nyingi za leo, zikivuta tela lisilo na breki, mpaka wake ni kilo 750 tu. Karavani ya kale inaweza kuwa na breki kwa jina, lakini waya umekatika, sumaku imekufa, au fimbo imeshikwa na kutu. Breki isiyoshika si breki. Karavani ya kilo 1500 yenye breki zilizokufa ni mzigo maradufu ya ule gari linaoruhusiwa, hata kama gari hilo limesifiwa kwa kilo 3000. Matela ya Kimarekani mara nyingi hutumia breki za umeme, nazo hazifanyi kazi mpaka pikapu ifungwe kifaa cha kuziongoza. Matela ya Kiingereza hutumia breki zinazojifunga tela linapoisukuma shingo yake. Ulizeni ni zipi, kisha mzijaribu kwenye uwanja mtupu kabla ya kuingia barabarani.

Kiungo nacho kina siri yake. Tufe la kuungia la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. La Kimarekani linalotumika sana lina inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa macho ni sawa, lakini kikombe cha Kimarekani juu ya tufe la Ulaya hukaa kikilegea, na barabara yenye mashimo inaweza kukirusha. Tufe na kikombe viwe vya kipimo kimoja, na minyororo miwili ya usalama ipitishwe kwa kupishana chini ya shingo, ili kiungo kikifunguka, shingo iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Karavani ya kale hupakwa rangi, mabati yake yakasuguliwa yakang'aa, lakini ukweli wake uko chini. Lala chini na tochi, uguse chesisi kwa bisibisi, utazame springi, ekseli na mahali ambapo shingo imeungwa. Kisha soma matairi. Tarakimu nne za mwisho katika alama ya ubavuni ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni juma la 23 la mwaka 2014. Tairi la karavani huzeeka likiwa limesimama tu uani; kashata zake zaweza kuwa nzima huku mpira wenyewe umepasukapasuka. Tairi kama hilo hulipuka likiwa na mzigo na joto, yaani njiani, mbali na fundi.

Kwenye mteremko, shukeni kwa gia ileile mliyopandia. Breki zinazokanyagwa muda wote hupata joto hadi zikaacha kushika, na harufu yake ndiyo onyo la mwisho. Mkumbuke pia kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuzuiwa na breki huongezeka mara nne. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kingo za barabara zetu ni makorongo.

Kwa wanaovuka mpaka wa Katuna kwenda Rwanda, lipo neno la nyongeza. Sisi Uganda huendesha kushoto, wenzetu huendesha kulia. Karavani ya Kiingereza ina mlango upande wa kushoto, na hapa kwetu hufunguka kuelekea kando ya barabara. Ya Kimarekani ina mlango wa kulia, na ikisimama hapa, mtu akishuka hukanyaga njia ya magari. Ukivuka mpaka, mambo hugeuka. Mjue mlango wenu uko wapi kabla ya kumteremsha mtoto. Na wakati gari linatembea, pasiwe na mtu ndani ya karavani, hata aliyelala, hata kwa kilomita moja.

Ndugu zetu, tunayasema haya kwa sababu anayelipa gharama ya hesabu mbovu mara nyingi si yule aliyeikosea. Ni mama anayetoka sokoni na kikapu kichwani, ni kijana wa bodaboda, ni mtoto mwenye madaftari mkononi. Wao hawakununua karavani, wala hawakuulizwa kama breki zake zinashika.

Basi kabla ya kulipa fedha, jiulizeni maneno matatu. Tela hili, likiwa limepakiwa, lina uzito gani kwenye mizani? Katika mipaka yote ya pikapu yangu, ulio mdogo kabisa ni upi? Na nikikanyaga breki, ni nani anayelisimamisha tela: breki zake, au mimi peke yangu? Asiye na jibu la mojawapo asubiri. Aje kituoni kwetu na vitabu vya gari lake, tuketi naye pamoja na fundi, tupige hesabu. Kuuliza si kosa, wala hakuna faini ya kuuliza. Tungependa kuzipiga hesabu hizo nanyi mezani, tukiwa tumeketi, badala ya kuzipiga kando ya korongo.