Jinsi ya Kutambua na Kurekebisha Nguo Isiyokaa Vizuri Mwilini

Mazungumzo ya mkufunzi wa ushonaji kwa mafundi wa nyumbani, vikundi vya kina mama na wazazi wa Kitui na Makueni



Nimeombwa nizungumze juu ya nguo tunazoshona wenyewe nyumbani, na namna ya kuzirekebisha zinapokataa kukaa mwilini. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nikiwa fundi mchanga, mama mmoja aliniletea kitambaa cha sare ya binti yake. Alikuwa ameuza ndengu ili akinunue. Nilimpima msichana mwezi wa Novemba kwa haraka, nikiwa nimeikaza futi, nikakata siku hiyo hiyo na kushona bila kumjaribisha. Shule zilipofunguliwa Januari, blauzi ilifungika kwa shida, na kati ya kifungo na kifungo paliachama. Nilipotaka kuifungua mishono ya ubavuni niiongeze, nilikuta nimeacha robo inchi tu. Hapakuwa na kitambaa cha kutoa. Mama yule hakunigombeza, kwa kuwa hakuwa na pesa za kitambaa kingine na alijua hivyo. Muhula mzima nilimwona yule mtoto akipita mbele ya kibanda changu amekumbatia vitabu kifuani, hata siku za joto kali.

Tangu siku hiyo sijaacha robo inchi ubavuni mwa nguo ya mtoto.

Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tunashona sare. Elimu ya msingi ilifanywa kuwa bila karo mwaka wa 2003, lakini sare ilibaki juu ya mzazi. Siku hizi tuna pia watoto wa gredi ya 7 hadi ya 9 katika sekondari msingi, na huo ndio umri ambao mwili hubadilika upesi. Nguo iliyopimwa Novemba huvaliwa Januari na mtoto mwingine kabisa.

Kiwanda cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kule Syongila, kilijulikana nchini mwaka wa 2020 kwa kushona barakoa. Kiwanda hushona kwa saizi: ndogo, ya kati na kubwa. Wewe wa nyumbani huna mashine zake, lakini una kitu ambacho kiwanda hakina. Atakayeivaa nguo amesimama mbele yako. Tumia nafasi hiyo.

Kabla ya kukata

Kwanza, loweka kitambaa cha pamba usiku kucha, kianike, kipige pasi, ndipo ukate. Pamba hurudi inapopata maji. Nguo nyingi zinazosemekana "zimebana" zilishonwa sawa, ila zilirudi kwenye karai la kwanza la kufulia.

Pili, mpime mtu akiwa amevaa nguo nyepesi, amesimama kama kawaida yake, mikono chini. Usimwambie ajinyooshe. Zungusha futi kifuani mahali palipojaa zaidi, na uhakikishe haijateleza chini mgongoni. Pima kiuno, kisha nyonga mahali palipo panapana zaidi, si juu karibu na kiuno. Pima upana wa mgongo kutoka kwapa hadi kwapa, na urefu kutoka shingoni hadi kiunoni, mbele na nyuma. Vipimo hivi viwili vya mwisho huachwa na mafundi wengi, na ndivyo vinavyoleta matatizo mengi.

Tatu, ongeza nafasi ya kupumua. Kwa kitambaa kisichovutika, ongeza inchi 2 hadi 3 juu ya kipimo cha kifua, inchi 1 kiunoni na inchi 2 kwenye nyonga. Nguo yenye kipimo sawasawa na mwili haikaliki, wala haiinamiki.

Nne, acha mshono wa inchi 1 ubavuni na pindo la inchi 3 chini kwa nguo ya mtoto. Hiyo ni akiba. Maji yakimwagika hayazoleki, na kitambaa kikikatwa hakirudi.

Piga bandi, jaribisha

Usipeleke nguo kwenye cherehani moja kwa moja. Piga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi tofauti, halafu mvalishe mwenyewe. Mwambie atembee, aketi, ainame kama anayeokota kitu, ainue mikono kama anayeandika ubaoni. Kufumua bandi ni dakika mbili, lakini kufumua mshono wa cherehani kunaweza kukutoboa kitambaa.

Nguo ikiwa mwilini, itazame kwanza kabla ya kuishika. Mshono wa ubavuni unashuka wima hadi chini? Pindo liko sawa mbele na nyuma? Mshono wa bega umekaa juu ya bega, haujakimbilia mbele wala nyuma? Kisha soma mikunjo, maana nguo husema yenyewe inapoumia.

Mikunjo ya kulala, inayovuta kutoka upande mmoja hadi mwingine, inasema kitambaa hakitoshi kwa upana. Mikunjo iliyosimama wima na kulegea inasema kitambaa kimezidi upana. Mikunjo ya mshazari hukuonyesha mahali: ifuate kwa kidole mpaka inapoanzia, na hapo ndipo kitambaa kinapovutwa. Mkunjo mmoja mnene unaolala kama mshipi bila kuvutwa unasema kitambaa kimezidi urefu mahali hapo.

Rekebisha kutoka juu kwenda chini. Kwa gauni na blauzi anza begani, kwa sketi na suruali anza kiunoni. Bega likikaa vizuri, mara nyingi nusu ya matatizo ya chini huisha yenyewe.

Matatizo tunayokutana nayo sana

Blauzi inaachama kwenye vifungo. Kifua hakikupewa upana. Fungua mishono ya ubavuni na uitoe nje. Hesabu yake ni hii: kila ubavu una kingo mbili, ya mbele na ya nyuma, na ubavu ni mbili, kwa hiyo kingo ni nne. Ukitoa nusu inchi kwenye kila ukingo, umeongeza inchi 2 mzunguko mzima. Mkono nao uutoe kiasi hicho hicho chini ya kwapa, la sivyo hautaingia kwenye tundu lake. Pia panga vifungo upya, kimoja kikae sawa na mahali kifua kilipojaa. Kikiwa juu au chini ya hapo, nguo itaachama hata kama upana unatosha.

Mkunjo umelala chini ya kola, nyuma ya shingo. Huyu mabega yake yamenyooka kuliko ulivyokata. Fungua mshono wa bega, utoe kidogo upande wa ncha ya bega, na upande wa shingo uuache ulivyo. Mikunjo ikishuka mshazari kutoka shingoni kuelekea kwapani, mabega yameteremka. Hapo punguza upande wa ncha, na tundu la mkono ulishushe kwa kiasi hicho hicho.

Mkono unabana mtu akiinua. Wengi wetu hapa huchukua makasi na kushusha kwapa. Kwapa likishushwa sana, nguo nzima hupanda kila mkono unapoinuliwa, na tatizo linazidi. Tazama kwanza mgongo: mara nyingi ni mgongo uliokatwa mwembamba, au mkono wenyewe. Kama akiba imekwisha, weka kikwapa, kile kipande cha pembe nne kinachoshonwa chini ya mkono kama kwenye kanzu. Kipande cha inchi 3 kwa 3 kinaweza kuokoa gauni zima.

Sketi inapanda nyuma. Makalio yamekula urefu. Usikate mbele ili ilingane, maana utapata sketi fupi pande zote. Fungua kiunoni na uishushe nyuma kama uliacha kitambaa cha ziada juu. Kama hukuacha, toa pindo la nyuma peke yake. Sketi ikipanda mbele kwa sababu ya tumbo, fanya vivyo hivyo kwa upande wa mbele.

Sketi inajikunja chini ya mkanda. Mara nyingi fundi hudhani kiuno ni kikubwa na kukipunguza. Zungusha mkono kwenye nyonga. Ikiwa kitambaa kimekaza hapo, sketi inakimbilia juu kutafuta mahali pembamba. Toa mishono ya ubavuni kwenye nyonga, nayo itashuka yenyewe. Ikiwa nyonga haijabana na mkunjo uko nyuma tu, mgongo wa mtu huyo umeingia ndani. Shusha kiuno cha nyuma nusu inchi, kisha ushone mkanda upya.

Suruali inavuta kwenye msamba. Mistari ikitoka msambani kuelekea mapajani, mzunguko wa msamba ni mfupi. Toa mshono wa ndani ya paja sehemu ya juu, hasa kipande cha nyuma, na mshono wa makalio kama kuna akiba. Mvulana anayeketi chini sakafuni ataipasua suruali hiyo kabla ya mwezi kwisha.

Kwa anayenunua na anayeshonewa

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Msione haya kumwambia fundi, "Naomba mtoto ajaribu kabla hujamaliza." Geuzeni nguo ndani nje na mtazame mishono ya ubavuni. Pakiwa na robo inchi tu, nguo hiyo haina maisha ya pili. Nguo ikibana, irudisheni mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mafundi, mteja akirudi usijitetee kwanza. Mvalishe, tazama, soma mikunjo. Kila mtoto mwekee ukurasa wake katika daftari la vipimo na tarehe, ili mwaka unaofuata ujue amekua kiasi gani na wapi.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza kikamilifu, Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya ufundi wa nyumbani mikononi mwa serikali za kaunti. Ulizeni katika ofisi ya wadi yenu kuhusu chuo kilicho karibu na kozi za ushonaji. Mwendapo, chukueni nguo moja iliyowashinda. Mtajifunza zaidi kwa nguo hiyo kuliko kwa kitambaa kipya.

Namalizia na yule msichana. Mwaka uliofuata mama yake alileta kitambaa kwangu tena, jambo ambalo sikulitarajia. Nilimpima mara mbili, nikaacha inchi nzima ubavuni, nikapiga bandi, nikamwita aje ajaribu. Alisimama mlangoni, akainua mikono yote miwili juu, akaishusha, akacheka. Vitabu alikuwa ameviacha juu ya kiti.