Milimita za Mvua

Twasikia katika redio ya kuwa mahali fulani imenyesha mvua milimita 9, na pengine milimita 60. Nasi wengi husikia hesabu hizo kama jina la mji wa mbali, kisha twalala.

Mwezi wa Desemba mmoja, katika nchi kavu ya Dodoma, sisi na wanafunzi wetu wa ualimu tulisikia kishindo cha mvua juu ya bati, na kulipokucha tukapanda mahindi ekari nzima. Chombo cha kupimia mvua kilikuwapo uani, wala hatukukitazama. Mlikuwa na milimita 9 tu. Bati hupiga kelele kuliko mvua yenyewe! Mbegu zikavimba, zikatoa vijizizi, kisha jua likazikausha. Na mbegu nyingine hatukuwa nayo.

Basi, milimita ni nini? Wazieni sakafu iliyo sawasawa, urefu mita 1 na upana mita 1, yenye kingo pande zote. Mkimimina juu yake lita 1 ya maji, kina chake ni milimita 1. Ekari ina mita za mraba 4,047 hivi. Kwa hiyo shamba letu lilipata lita 36,000 na zaidi, yaani madebe 2,000 ya lita 18. Ni mengi kwa mchukuzi, lakini kwa udongo uliokauka ni machache, maana jua kali laweza kutwaa hata milimita 5 kwa siku moja.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikionya juu ya mvua kubwa, ya milimita zaidi ya 50 kwa saa 24, akaaye bondeni asihesabu lita 50 za kila mita ya mraba ya uani kwake tu. Ahesabu na zile zitakazomteremkia kutoka mlimani.

Tena mvua iliyopimwa mjini huenda haikufika kwenu. Twaeni mkebe ulio na upana mmoja juu na chini, mwuweke mahali peupe, mbali na miti na michirizi ya paa, mpime maji yake kwa rula ya shule kila siku saa 3 asubuhi, kisha mwumwage.

Mwaka uliofuata tulingoja mpaka siku tatu zikatupa jumla ya milimita 34. Ndipo tulipotoa majembe.