Uhura: Neno la Mkopo Katika Tamthilia ya Anga

Kabla ya Tanganyika kujitawala mwaka 1961, neno uhuru lilikuwa tayari likitumika katika Kiswahili. Kiswahili kilikuwa kimekopa mzizi wake, hurr, kutoka Kiarabu, kikaupachika kiambishi u- cha nomino dhahania. Mnamo 1962 Robert Ruark alilifanya neno hilo anwani ya riwaya yake ya Kiingereza kuhusu Kenya. Nichelle Nichols alisimulia kwamba aliishika riwaya hiyo alipokwenda kufanyiwa usaili wa Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Akapewa nafasi ya afisa wa mawasiliano, Uhura. Irabu ya mwisho iligeuzwa ili jina lisikike laini. Ulaini huo, bila shaka, umo katika sikio la Mmarekani.

Je, huo ni wizi? La, kwa kuwa kila aliyekopa katika mlolongo huu alikopa kwa mkopaji. Linalostahili kuhojiwa ni iwapo lugha yenyewe ilifuata jina. Katika kipindi cha “The Changeling” (1967) Uhura anafutiwa kumbukumbu. Anapojifunza kusoma Kiingereza upya na kukwama, anazungumza Kiswahili.