Mutoto Mugonjwa Asifunge Kula

Somo: Yohana 9:1-7

Leo nina neno moja tu, na neno hilo lilinipiga mimi kwanza mbele ya kuwafikia ninyi.

Katika somo letu, wanafunzi waliona mutu aliyezaliwa kipofu. Hawakuuliza namna ya kumusaidia. Walitaka kujua zambi ilikuwa ya nani: yake mwenyewe ao ya wazazi wake. Yesu alilikataa swali hilo lote. Hakumulaumu yule mutu, hakumulaumu baba, hakumulaumu mama. Kisha akaanza kazi: akafanya matope, akamupaka kwenye macho, akamutuma aende kunawa. Wapendwa, sisi tunakesha usiku muzima kwenye swali la wanafunzi, na mutoto anabaki palepale alipokuwa.

Ninawatolea ushuhuda wangu, na si ushuhuda wa kunisifu. Miaka iliyopita, mama mumoja alileta mutoto wake wa miaka mitatu kwenye chumba cha maombi. Mutoto alikuwa muzaifu, alikuwa anaanguka, na ndugu zake wawili walikuwa wamekwisha kufa. Watu wa jamaa walikuwa wanasema ni mulozi, kwamba yeye ndiye aliyewakula wale wawili. Mama akaniambia: "Pasta, mimi ninaona jambo moja. Kila mara akilala bila kula, asubuhi anakuwa vibaya zaidi." Nilimusikia kwa masikio, lakini sikumusikiliza. Nilitangaza siku tatu za kufunga kula, mama pamoja na mutoto. Usiku wa pili mutoto alilegea kama nguo yenye maji. Mama hakuniomba ruhusa. Alimufunga mugongoni, akakimbia naye mpaka hospitali. Walimutia maji ya sukari katika mushipa, na mbele ya jua kutoka alifungua macho. Munganga alisema: "Huyu mutoto asikae na njaa hata usiku mumoja." Siku ya Mungu iliyofuata nilisimama mbele ya kanisa, nikamuomba yule mama musamaha. Alikuwa ameona kweli, na mimi nilimufunga kinywa.

Tangu siku ile nilianza kuuliza wanganga na kusoma. Hiki ndicho nilichojifunza.

Mwili ni kama jiko. Chakula kinaingia, mwili unakivunjavunja, unachukua chenye kufaa na kutupa kingine. Lakini kuna watoto wachache wanaozaliwa wakipungukiwa kifaa kimoja cha kazi hiyo. Kitu kisichovunjwa kinajaa ndani ya damu, kinafika kwenye ubongo na kuuharibu. Mutoto anazaliwa muzuri, kisha baada ya siku ao miezi mama anaona hakai, hatembei, hasemi, ao anaanguka kifafa. Magonjwa hayo ni ya namna nyingi, na kila moja linapata watoto wachache sana. Na katika mengine, njaa ni hatari kubwa. Mutoto asiyekula, mwili wake unaanza kuvunja akiba yake yenyewe. Mutoto muzima atalia tu na kungoja chakula. Lakini huyu, sukari inaweza kushuka, ao sumu kupanda, kwa saa chache tu. Anazimia, na anaweza kufa. Sisi tunasema pepo limemushika. Kumbe ni njaa tuliyomupa sisi.

Sasa sikilizeni habari ya mama wa inchi ya Norwei, jina lake Borgny Egeland. Alizaa watoto wawili, Liv na Dag, lakini akili yao haikukua. Aliwapeleka kwa munganga huyu na huyu, hakuna aliyemufasiria. Ila yeye alikuwa ameona jambo moja: mukojo wa watoto wake ulikuwa na harufu ya pekee. Hakuacha kulisema. Mwaka wa 1934 alifika kwa munganga Asbjørn Følling, naye akakubali kuupima mukojo ule. Alipotia dawa yake, mukojo uligeuka rangi ya majani. Akaomba mama alete mwingine, na mwingine tena, mpaka akajua ni kitu gani kilichokuwa ndani yake. Ugonjwa huo leo unaitwa fenilketonuria. Mwili wa mutoto hauwezi kuvunja sehemu moja ya chakula, fenilalanini, inayopatikana ndani ya nyama, samaki, mayai, maziwa na maharagi.

Jina lilipatikana, lakini dawa haikuwapo bado. Mwaka wa 1951, katika muji wa Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa na musichana wa miaka miwili, Sheila, mwenye ugonjwa uleule. Hakuweza kusimama, alikuwa analia na kugongesha kichwa. Mama yake alikuwa anamungojea munganga Horst Bickel asubuhi kwa asubuhi, akimuomba amutafutie mutoto dawa. Mwishowe Bickel na wenzake walitengeneza chakula cha pekee, kilichoondolewa fenilalanini. Katika miezi iliyofuata Sheila alianza kutambaa, akasimama, macho yake yakapata mwangaza. Dawa haikuwa sindano wala kisu. Ilikuwa chakula chenye kupimwa.

Lakini ubongo uliokwisha kuharibika haurudi kuwa mupya. Dawa ilipaswa kufika mapema. Ndipo Robert Guthrie wa Marekani, ambaye mutoto wake mwenyewe alikuwa na kilema cha akili, akapata njia ya kupima ugonjwa huu kwa matone ya damu ya kisigino, yaliyokaushwa juu ya karatasi. Mwaka wa 1963 jimbo la Massachusetts liliagiza watoto wanaozaliwa wapimwe. Mutoto anayejulikana katika siku zake za kwanza, akipewa chakula chake na kukifuata, anakua, anasoma, anafanya kazi, anaoa. Ugonjwa ni ule ule mumoja: huyu hasemi hata neno, yule anafika kwenye universite. Si laana inayowatenganisha. Ni kwamba mumoja aliangaliwa mapema.

Tena kuna watoto wenye kifafa cha kuzaliwa ambacho kinatulia kwa vitamini B6, na wengine wenye kuhitaji vitamini inayoitwa biotini kila siku. Si magonjwa yote ya namna hii yenye dawa, ninasema kweli. Lakini mutoto aliyefungiwa katika chumba, hakuna atakayejua kama dawa yake ilikuwapo.

Neno lingine ni kwa wazee wa familia. Mutoto akizaliwa hivi, watu wa baba wanasema ni ukoo wa mama, watu wa mama wanasema ni ukoo wa baba, na ndoa inavunjika. Kwa ugonjwa kama huu wa Liv na Dag, sehemu moja inatoka kwa baba na sehemu moja inatoka kwa mama, na wote wawili ni wazima, hawajui kitu. Wawili kama hao wakikutana, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mutoto mugonjwa. Ndiyo maana watoto wawili ao watatu wa nyumba moja wanaweza kuugua namna moja. Hakuna aliyewakula. Baba, usimufukuze muke wako kwa muzigo ambao ninyi wawili mumeubeba bila kujua.

Basi tufanye nini? Hapa kwetu kipimo kile cha kisigino hakifanywi kwa kila mutoto. Kwa hiyo macho ya mama ndiyo kipimo chetu cha kwanza.

La kwanza: mama, angalia na uandike. Alianza lini? Alikuwa amekula nini? Ana harufu gani? Alikuwa anajua kukaa, sasa hajui tena? Kuna ndugu aliyekufa namna ileile? Peleka maneno hayo hospitali, na ukiona hawakukusikiliza, rudi tena. Wale mama wawili walirudi.

La pili: watumishi wenzangu, tusimufungishe mutoto. Wakubwa wenye afya wafunge kwa ajili yake. Yeye apewe kula. Na akilegea ao akizimia, maombi yafanyike njiani kwenda hospitali.

La tatu: musitupe dawa ya kifafa kwa sababu mumeombewa. Kuiacha kwa gafula kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko cha kwanza. Munganga aliyeitoa ndiye atasema siku ya kuipunguza.

La ine: asiwepo mutu katika kanisa letu wa kumuita mutoto mulozi. Katiba ya inchi yetu ya mwaka wa 2006, katika kifungu cha 41, inakataza jambo hilo, na sheria ya kulinda mutoto ya mwaka wa 2009 inaliazibu. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, sisi tuliosoma Yohana 9 tungepaswa kujua.

Mutu ataniuliza: Pasta, umeacha kuamini muujiza? Hapana. Ninaombea wagonjwa mpaka leo. Lakini Yesu, aliyeweza kusema neno moja tu, alitumia matope na maji, tena alimutuma yule mutu atembee mpaka kwenye kisima. Kutembea mpaka hospitali si kukosa imani.

Yule mutoto niliyemufungisha anaishi. Mama yake anamuamusha usiku kumupa uji, kila usiku. Nikimuona kwenye benchi la kanisa, ninainamisha kichwa.

Tuombe. Bwana Yesu, utusamehe sisi tuliowalaumu watoto uliotupa. Uwape mama macho ya kuona na kinywa kisichofungwa. Uwape wanganga subira na hekima. Utupe sisi wachungaji masikio. Na mutoto aliye kwenye mugongo wa mama yake usiku huu, akipelekwa hospitali, umufikishe. Amina.