Asilimia 114: Mtoto Aliyechelewa na Shule ya Msingi Tanzania



Mwaka 2007 takwimu za Wizara ya Elimu zilionyesha kwamba uandikishaji wa jumla katika shule zetu za msingi ulifika asilimia 114. Wapo waliopiga makofi, na wapo waliouliza kama wizara inajua hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi. Wanafunzi wote waliomo madarasani, wa umri wowote ule, hulinganishwa na watoto wote nchini wenye miaka 7 hadi 13. Ukiwahesabu wale wa umri huo peke yao, kiwango kilikuwa karibu asilimia 97. Katika hiyo tofauti wamo wadogo waliopelekwa mapema, lakini wengi walikuwa wamechelewa, na hao ndio mada yangu leo.

Hawakuchelewa kwa uvivu. Kabla ya ada kufutwa mwaka 2001, mzazi mwenye watoto wanne alilazimika kuchagua nani aanze. Mfugaji alimwacha mmoja machungani hadi mdogo wake apate nguvu za kushika fimbo. Msichana alibaki nyumbani kulea. Na cheti cha kuzaliwa kilipokosekana, mtoto aliambiwa apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa aguse sikio la kushoto. Vidole visipofika, arudi mwakani. Wengi wenu humu ukumbini mmepimwa hivyo. Kipimo kile kilipima mkono, si umri, kwa hiyo mtoto aliyedumaa kwa lishe duni ndiye aliyerudishwa nyumbani tena na tena.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, milango ikafunguka. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walifika milioni 7.5 mwaka 2005. Kijana wa miaka 12 akakaa darasa la pili, magoti yakigusa dawati. Wenzake wakamwita babu. Mwalimu akamfanya kiranja, akamtuma maji, akamwachia darasa anapoitwa ofisini. Kijana huyo anajua kuuza mbuzi mnadani na kurudisha chenji bila kukosea, lakini kitabu kinamtaka ahesabu maembe matatu.

Kenya nayo ilifuta ada Januari 2003, na mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, akaanza darasa la kwanza Eldoret. Dunia ikampenda, na alistahili. Ila kijana wa miaka 14 aliye darasa la tatu hapigwi picha na mtu.

Kwa ajili yake tulikuwa na dawa, tena ya kwetu. MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, iliyojaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 katika wilaya kama Kisarawe na Masasi, ilifupisha masomo yakawa ya miaka mitatu. Wadogo walifanya mtihani wa darasa la nne wakaingia mfumo wa kawaida. Wa miaka 14 hadi 18 walilenga mtihani wa darasa la saba. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba tuliiendesha kama kazi ya dharura. Wawezeshaji walifundisha kwa posho iliyochelewa, nasi tulipoona uandikishaji umepanda tukadhani tumemaliza.

Sheria nayo haimsaidii. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilivyotungwa inalazimisha kuandikishwa kwa mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajatimiza 13. Akishatimiza 13, hakuna anayewajibika.

Kwa msichana hatari ni kubwa zaidi. Akianza na miaka 10, atafika darasa la saba akiwa na 16, ilhali Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu aolewe akiwa na 15. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, kumwoa mwanafunzi ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Kinga hiyo inamhusu akiwa mwanafunzi. Siku akiacha shule, imekwisha. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliopata mimba kurudi masomoni ni mwema, lakini unamfaa aliyewahi kuandikishwa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge mliopo hapa mkiondoe kikomo cha miaka 13 katika sheria. Nanyi wakurugenzi wa halmashauri, posho ya mwezeshaji wa MEMKWA ipewe kifungu chake katika bajeti, na ilipwe kila mwezi.