Bastola Kifuani



Mmeniuliza habari za uwindaji huko Montana, Marekani, ninakoishi. Bunduki ndiyo ya kuwindia. Bastola ni kwa ajili ya dubu, hasa unapochuna elki, kulungu wao mkubwa, na bunduki umeiegemeza mtini.

Mwaka wa kwanza niliifunga kiunoni. Mkanda wa shanta ukaikandamiza, nyonga ikachubuka, nami kwa uvivu nikaitia ndani ya shanta. Jioni ile dubu jike na wanawe walitutokea hatua thelathini mbele. Mkono ukaenda kiunoni, hapana kitu! Aligeuka mwenyewe akaenda zake. Mimi magoti yalinikatalia.

Tangu hapo naivaa kifuani, katika ala ya ngozi iliyo chini ya mikanda ya shanta. Ile ya .44 Magnum yapita kilo moja, lakini ukiketi, ukipanda, hata ukitua mzigo, haikusumbui. Kopo la dawa ya pilipili nalo liko mbele, karibu na mkono. Dubu hukimbia kilomita 50 kwa saa. Nani atafungua shanta?

Naona mkono umeinuliwa huko nyuma. Sema, kijana.