Aliyesema Haya Ni wa Dini Gani?

Tamko la Maaskofu Katoliki wa Tanzania la kuupinga mkataba wa bandari, lililotolewa tarehe 18 Agosti 2023 na kusomwa makanisani Jumapili iliyofuata, mmekwisha kulisikia na kulijadili mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo hatutalirudia, wala hatutawaamulia kama mkataba ule na Dubai, uliotiwa saini Oktoba 2022, ni kheri au ni shari, kwani kinachotutia wahaka sisi wa kituo hiki ni swali lililotangulia vinywani mwa watu kabla hata tamko halijasomwa likaisha: aliyesema haya ni wa dini gani?

Swali hili tumekwisha kulilalamikia katika kipindi hiki, na leo tunalilalamikia tena. Wasioafiki tamko wakanena kwamba ni Wakristo wanaompinga Rais Mwislamu. Walioliafiki, nao, wakamdhania kila mtetezi wa mkataba kuwa anawatetea ndugu zake wa imani walioko Ghuba. Ni wa dini gani? Ilhali Mbarawa, Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wakati huo, na Feleshi, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, waliosimama kuutetea mkataba, hawasali nyumba moja. Bunge lililouridhia tarehe 10 Juni 2023 lilijaa watu wa msikitini na watu wa kanisani. Na Profesa Shivji, mtaalamu wa sheria, aliyeukosoa kabla ya tamko lile, hakutumwa na askofu yeyote. Lau swali lile lingekuwa na chembe ya haya, lingekwisha kujificha.

Hoja yenyewe imo katika Ibara ya 23, ihusuyo muda wa mkataba na namna ya kuuvunja, ibara isiyo na msalaba wala mwezi, na ambayo, tuseme kweli, wengi wanaohasimiana kwa ajili yake hawajapata kuisoma.

Hatusemi kwamba mcha Mungu aivue imani yake aingiapo barazani kuzungumza siasa. Anayeamini kwamba ataulizwa na Mola wake juu ya kila amana, hana budi kuuliza habari za bandari, kwa kuwa bandari ni amana ya umma, na ana haki ya kuuliza kwa lugha ya dini yake. Asilo na haki nalo ni kumdhania mwenzake, aulizaye kwa lugha nyingine, kuwa ametumwa.

Basi enyi mashekhe, na ninyi mapadri na wachungaji, waambieni wafuasi wenu hivyo, tena waambieni mkiwa mimbarini, si faraghani! Nanyi mnaobarizi jioni kwa kahawa, pamoja na jirani mnayezikana naye na kuoana naye, mwulizeni anasema nini na hoja yake ni ipi. Mwacheni amalize maneno yake, kisha mjibuni. Mkighadhibika, ighadhibikieni ibara! Na yule atakayewakatiza kwa kuuliza ni wa dini gani, huyo msimpe nafasi barazani!